Petroli ya Kuwashia, Mafuta ya Taa ya Safari

Kiilu alipomwoa Kalunde, watu wa Nunguni walisema ameoa mwalimu, na neno hilo walilitamka kama watu wanaomwonya mwenzao. Mwalimu ni wa serikali, walisema. Leo yuko hapa na wewe, kesho anaambiwa aende mahali ambapo hata njia yake huijui. Kiilu aliwasikiliza akacheka. Siku hizo Kalunde alikuwa akifundisha darasa la pili katika shule iliyo upande wa pili wa bonde, na kila jioni Kiilu alisimama uani kumtazama akipanda mlima, kiondo begani, ukungu ukimmeza na kumtoa, ukimmeza na kumtoa, mpaka anafika mlangoni na kuuliza kama maji ya chai yamechemka. Mtu mwenye jioni za namna hiyo hatishwi na maneno ya watu.

Uhamisho ulikuja mwaka wa 1972, mtoto wao Mbula akiwa ameanza kutambaa. Kalunde alitakiwa Tulia, huko Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, ambako madarasa yalikuwa yanaongezeka na walimu ni haba. Hakukuwa na mtu wa kulaumu. Kiilu mwenyewe ndiye aliyempeleka, sanduku na godoro nyuma ya pikapu, Mbula amelala mapajani mwa mama yake. Waliteremka kutoka kwenye baridi ya Nunguni, wakapita Machakos, wakapita Masii na Wamunyu, nchi ikizidi kuwa nyekundu na kavu. Walipovuka daraja la Athi, Kalunde alifungua kioo akasema, "Hapa hata upepo ni wa moto." Katika safari ile nzima, Kiilu hakukumbuka maneno mengine.

Yeye hakuweza kuhama. Mama yake, Ndululu, alikuwa mzee, macho yake yamefifia, na alikuwa amekwisha kusema kwamba hatakwenda kufia kwenye joto. Kulikuwa na shamba la kutazamwa. Tena kulikuwa na ile pikapu, Pijo ya rangi ya maziwa, ambayo ndiyo iliyowalisha wote. Asubuhi Kiilu alibeba kabichi, viazi na nduma za majirani hadi soko la Machakos, na jioni akarudi na sukari, chumvi na misumari ya wenye maduka. Kazi hiyo ilikuwa Nunguni. Huko Tulia watu walilima mbaazi na pojo mvua ilipokubali, na hawakuwa na mzigo wa kumpa mtu wa pikapu kila siku.

Basi wakagawana. Kalunde na mtoto wakakaa Tulia, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la Sugow, mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka upande wa Garissa, na mkewe Abdiya. Kiilu akakaa Nunguni na mama yake. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, Kiilu alipomaliza kushusha kabichi Machakos hakugeuza gari kurudi nyumbani. Aliendelea mbele hadi Tulia, akala muthokoi wa mahindi na maharagwe mkewe aliouweka jikoni tangu mchana, akalala, akaenda kanisani nao Jumapili asubuhi, kisha akarudi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka petroli ilipopanda. Ilikuwa mwisho wa 1973, vita vimetokea nchi za mbali ambazo Kiilu alizijua kwa redio tu, na bei ikapanda, ikatulia kidogo, ikapanda tena. Majirani walikataa kuongeza nauli ya kabichi zao, na hawakuwa na makosa, kwa sababu sokoni kabichi haikuongezeka bei. Kiilu akaanza kwenda Tulia mara moja kwa mwezi. Mwezi mwingine hata hiyo moja ikamshinda.

Alijua jinsi ya kukaa bila mke. Wanaume wengi wa Ukambani walikuwa wakifanya kazi mbali na kurudi Krismasi, na hakuna aliyewaonea huruma. Lakini yeye hakuwa amekwenda popote. Alikuwa amebaki nyumbani kwake, kwenye kitanda chake, na nyumba ile ilikuwa imezoea watu wanne, na yeye na mama yake hawakutosha kuijaza. Jioni bado alisimama uani. Ukungu ulipanda kutoka bondeni kama kawaida, na njia ya mlimani ilikuwa pale pale, na watu wengine walikuwa wakiipanda.

Siku moja ya mwaka wa 1974 alifika Tulia baada ya kukosa majuma mengi. Alimkuta Mbula mbele ya duka, ameketi juu ya gunia, akila tende. Kiilu alichuchumaa akafungua mikono. Mtoto alimtazama, akamtazama tena, kisha akakimbilia ndani ya duka, akamshika Sugow kwenye kikoi chake na kusema, "Baba, kuna mtu."

Sugow aliona aibu kuliko Kiilu. Alimbeba mtoto, akatoka naye nje. "Huyu ndiye baba yako," alimwambia. "Mimi ni mjomba. Nimekuambia mara ngapi?" Abdiya naye akaja kutoka nyuma, akasema watoto ni hivyo, wanamwita baba kila mwenye ndevu. Kiilu alisema hakuna neno. Jioni ile, wakiwa wamekaa nje wanakunywa chai, Kalunde hakulitaja jambo lile, na Kiilu alijua kwamba asingenyamaza kama lingekuwa limetokea siku hiyo tu.

Asubuhi, kabla hajaondoka, Sugow alimfuata kwenye gari.

"Kiilu, hii safari inakushinda kwa sababu ya petroli peke yake?"

"Kwa sababu hiyo peke yake."

"Machakos kuna binamu yangu, ana gereji. Anaitwa Keinan. Amefanya kazi na matrekta ya zamani, yale ya kuwashwa na petroli halafu yanalima na mafuta ya taa. Mwulize kama pikapu inaweza."

Kiilu alikwenda kumwuliza kesho yake. Keinan alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyezungumza akipangusa mikono wakati wote, hata ikiwa safi. Alifungua boneti, akawasha injini, akaisikiliza, akaizima.

"Inaweza," alisema. "Hii haijabana hewa sana kama magari mapya. Naongeza gasketi moja, inalegea kidogo. Naweka tangi dogo la petroli, hili kubwa linakuwa la mafuta ya taa. Bomba lake nalipitisha karibu na egzosi lipate moto, maana mafuta ya taa yakiwa baridi hayawaki vizuri. Ndani, hapa chini ya usukani, nakuwekea koki mbili. Lakini Bwana Kiilu, ngoja nikuambie yote, halafu uende ufikirie. Sitaki urudi hapa na spana mkononi unanitafuta."

Wakakaa juu ya matairi. Keinan akamweleza kwamba mafuta ya taa ni rahisi, tena yako kila duka, hata Tulia ambako hakuna kituo cha petroli. Mwenye matangi mawili hakwami njiani ovyo. Hili likikauka, lile lipo. Huo ndio uzuri wake. Upande wa pili, gari haliwaki na mafuta ya taa likiwa baridi. Lazima uliwashe na petroli, liende mpaka lipate moto, ndipo ubadilishe. Na kabla ya kulizima lazima urudi kwenye petroli, kabureta ijae petroli, la sivyo kesho utalisukuma mpaka jasho likuishe. Mlimani halina nguvu, linagonga kama mtu anayepiga debe. Plagi zinashika masizi. Moshi upo, na harufu ipo.

"Hayo yote yanavumilika," Keinan alisema. "Jambo baya ni oili. Mafuta ya taa ambayo hayakuungua yanateremka ndani ya injini, yanachanganyika na oili. Siku moja utapima oili uone imeongezeka. Mtu asiyejua atafurahi. Kumbe imekuwa maji, na injini inasagika. Kwa hiyo ubadilishe oili mapema, mara nyingi, usingoje. Ukiwa mvivu wa oili, usianze."

Kiilu alirudi Nunguni na maneno hayo, akakaa nayo wiki kadhaa. Aliyapima akiwa barabarani, mkono kwenye gia, na kila mlima ulimpa jibu lake. Kule kupanda kutoka Machakos kwenda Nunguni alisema haiwezekani, gari litakufa hapa. Kwenye tambarare ya Wamunyu, alikopita mara moja tu kwa mwezi, alisema inawezekana, tena sana. Alimwuliza Ndeti, jirani yake na mzee wa kanisa, ambaye kabichi zake ndizo zilikuwa mzigo mkubwa kuliko wa wengine wote.

"Mimi sijui injini," Ndeti alisema. "Lakini kabichi naijua. Inashika harufu upesi kuliko nguo. Mama wa Machakos akinusa taa kwenye kabichi yangu, atanunua ya mtu mwingine, na mimi nitatafuta pikapu ya mtu mwingine. Sikuambii kwa ubaya."

"Najua, mzee."

"Tena mtu haharibu chombo kinachomlisha kwa sababu ya hamu. Hamu hupungua."

Kiilu alimshukuru akaenda zake. Alikuwa amengoja hamu ipungue kwa muda wa kutosha kujua kwamba yake haikuwa ya namna hiyo.

Aliyemaliza shauri alikuwa Ndululu. Jioni moja, Kiilu akimweleza tena habari za oili na plagi kana kwamba mama yake alikuwa fundi, mwanamke yule mzee alisogeza kigoda chake karibu na moto akasema, "Umekaa muda wote huu ukipima mafuta. Mtoto anakua huku unapima."

Wiki ile Keinan alifungua injini.

Jumamosi ya kwanza Kiilu aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Aliteremka na petroli hadi Machakos, akashusha kabichi, akatoka mjini injini ikiwa moto. Alipofika mahali pa tambarare akafunga koki moja na kufungua nyingine. Gari lilisita, likakohoa, likatoa moshi mweupe nyuma, kisha likakamata mwendo. Sauti yake ilibadilika, ikawa nzito, ya kukwaruza. Kiilu alijikuta akilisemesha. Walivuka Athi hivyo, na karibu na Tulia akarudisha petroli kama alivyofundishwa. Alipozima injini mbele ya duka la Sugow, tangi dogo lilikuwa bado limejaa karibu nusu. Alikaa pale ndani ya gari, mikono kwenye usukani, akitazama mlango ambao mkewe angetokea. Alijua kwamba Jumamosi ijayo angekuwa hapo tena, na ile itakayofuata pia.

Kalunde alimkumbatia, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Unanuka taa iliyozimwa sasa hivi," alisema.

"Ndiyo harufu yangu mpya. Utaizoea?"

"Nitaizoea. Lete shati nilianike."

Ule ulikuwa mwaka mzuri, mwaka na nusu kwa kweli, na baadaye Kiilu alipoukumbuka aliukumbuka kwa harufu ile. Kila Jumamosi alikwenda. Mbula alijifunza sauti ya gari. Aliitambua lingali mbali, kabla mtu mwingine hajasikia chochote, akasimama juu ya gunia lake na kutangaza kwa duka zima. Aliacha kumwita Sugow baba, akamwita Mjomba, na siku moja alimwambia Abdiya kwa kiburi kwamba baba yake ananuka kuliko baba za watu wote. Kalunde alimwonyesha Kiilu mahali alipopanda mbaazi nyuma ya chumba. Akamtambulisha kwa wazazi wa watoto wa shule. Mtu akiwa anakuja kila Jumamosi si mgeni tena. Watu wa Tulia wakaanza kumtuma sindano ya kuzibulia jiko na kitambaa cha sare kutoka Machakos.

Mambo mengine yalikuja kama Keinan alivyosema. Kwenye mlima wa kurudi Nunguni gari liligonga, ikabidi Kiilu alipande na petroli kila mara, na hapo akiba ikapungua. Wateja wa Ndeti walilalamika juu ya harufu. Kiilu akaweka turubai na majani ya mgomba chini ya mzigo, ikasaidia kidogo, lakini mwishowe Ndeti alimwambia, bila hasira, kwamba msimu ujao atatumia lori la mtu mmoja wa mji wa Salama. Oili aliibadilisha mapema mwanzoni, kwa uaminifu. Kisha mzigo ulipopungua, akaona kwamba oili inakula akiba ambayo mafuta ya taa yanaleta, akaanza kusogeza mbele. Wiki moja. Kisha wiki nyingine. Alipopima alikuta imepanda juu ya alama, nyepesi kama chai, akasema ataibadilisha akirudi.

Katikati ya hayo, mwaka wa 1975, Jumamosi moja Kalunde alimngoja mpaka akamaliza kula ndipo akasema, "Mwalimu mkuu alituita juzi. Kuna nafasi moja imepatikana upande wa kwetu. Matiliku. Alitaka kujua nani ana shida zaidi."

Kutoka Matiliku hadi Nunguni si mbali. Kiilu aliweka kikombe chini.

"Ulimwambia nini?"

"Tulikuwa wawili tunaoitaka. Mimi na Mwalimu Syombua. Mume wake ana mguu mbaya, hawezi kusafiri, na hana hata baiskeli. Hajamwona tangu Krismasi. Aliniambia, 'Kalunde, wako anakuja kila wiki.'" Alimwongezea chai. "Nikaona ni kweli. Nikamwachia. Mwalimu mkuu anasema nyingine itatokea, labda mwakani."

Kiilu alimwambia kwamba amefanya vizuri, na siku ile alimaanisha. Angewezaje kusema vingine? Alikuwa ameshiba, mtoto amelala mapajani pake, na Jumamosi nyingine ilikuwa njiani. Syombua alikwenda Matiliku. Watu wa kanisa walimsifu Kalunde kwa moyo wake, na Kiilu akasimama kando yake akijivunia.

Injini ilikufa mapema mwaka wa 1976, mchana kweupe, kwenye mwinuko ulio baada ya daraja la Athi. Ilianza kugonga, naye akadhani ni kule kugonga kwa kawaida kwa mafuta ya taa, akarudisha petroli. Iliendelea kugonga, sasa kwa sauti ya chini zaidi, ya chuma kwa chuma, kisha ikakwama na kusimama palepale. Kiilu alifungua boneti akasimama mbele ya joto lile. Alivuta kijiti cha oili. Oili ilitiririka juu yake kama maji.

Keinan alipoifungua hakumlaumu. Alimwonyesha tu beringi zilivyolika na shafti ilivyokwaruzwa, akampa moja ashike. "Hii ukitengeneza, ni kama kununua gari lingine," alisema. "Pole, ndugu yangu. Ilikupeleka mara nyingi?"

"Mara nyingi," Kiilu alisema.

Bila pikapu hakukuwa na kabichi, na bila kabichi hakukuwa na nauli ya basi ya mara kwa mara. Akawa kibarua kwenye mashamba ya watu wengine, akilala na mikono inayouma. Aliwaona Pasaka alipokwenda Tulia, akawaona tena likizo ya Agosti Kalunde alipokuja Nunguni na mtoto. Nafasi nyingine ya uhamisho haikutokea. Mwakani ikapita.

Likizo ile ya Agosti, wakimenya viazi uani, Kalunde alisema kitu ambacho Kiilu hakukisahau.

"Nimefikiri sana, Baba Mbula. Kama ungekuwa unakuja mara moja kwa mwezi, kama zamani, nafasi ile ya Matiliku nisingeitoa. Ningelia mbele ya mwalimu mkuu mpaka anipe. Lakini nilikuwa nimeshiba. Ulikuwa umenishibisha kila Jumamosi, nikasahau kwamba nina njaa."

Kiilu aliendelea kumenya. Alifikiria orodha yote ya Keinan, mlima, moshi, plagi, oili, na maneno ya Ndeti juu ya kabichi, na jinsi alivyozunguka nayo kichwani wiki zile zote. Hakuna aliyekuwa amelitaja hili.

"Unanilaumu?" Kalunde aliuliza.

"La. Hata mimi nilikuwa nimeshiba."

Ndululu alifariki mwaka uliofuata, katika baridi yake, kama alivyotaka. Baada ya maziko Kiilu alimwachia mdogo wake Mutie shamba alitunze, akafunga nguo zake, akaenda Tulia kukaa. Hakuna aliyeshangaa. Sugow alikuwa amenunua lori la kupeleka mbuzi Machakos na Athi River, akampa Kiilu usukani. Lilikuwa lori la dizeli, lenye tangi moja na koki moja, na lilimchosha kwa kutomtaka afikirie chochote.

Akapata kile alichokitaka. Kila jioni asipokuwa safarini alimwona mkewe akija kutoka shuleni, akitembea juu ya mchanga mwekundu chini ya jua ambalo lilikataa kushuka. Walipata mtoto wa pili, mvulana. Mbula akakua, akaenda sekondari. Kiilu alikuwa mwenye furaha, na ukimwuliza angekuambia hivyo bila kusita. Lakini Juni na Julai zilipofika, asubuhi alitoka nje mapema kabla ya wengine, akasimama akitazama upande wa magharibi, ambako siku zenye anga safi vilima vya kwao vilionekana kama wingu lililokaa chini. Huko ukungu ulikuwa unapanda. Majani ya nduma yalikuwa yanadondosha maji. Alihisi baridi ile kwenye mifupa ya uso wake, huku jua la Kitui likimchoma mgongo, na hakumwambia mtu.

Kalunde alijua. Alijua kwa sababu kila alipoleta chai alimkuta amegeukia upande uleule.

Mwaka wa 1993 jirani yao Mbuvi, aliyekuwa amenunua Land Rover iliyochoka, alikuja kumwuliza habari za kuendesha gari kwa petroli na mafuta ya taa, maana bei ilikuwa imeruka tena. Kiilu alimweleza yote kwa mpango: mahali pa kubadilisha, mahali pa kurudisha, milima, moshi, na zaidi ya yote oili. Mbuvi alisikiliza akauliza, "Sasa kwa jumla, ina faida ama haina?"

Kiilu alianza kuhesabu kwa vidole.

"Iliniharibia injini," alisema. "Iliniharibia kazi. Na ingekuwa leo, na mtoto yuko vile juu ya gunia, ningeweka tena."

Mbuvi alikwenda zake bila kujua afanye nini.

Kalunde alistaafu muda mfupi baadaye. Siku aliyorudisha funguo za kabati la shule alikuja nyumbani, akavua viatu, akasema, "Sasa ni zamu yangu kuhama. Wewe ulinifuata. Twende Nunguni."

Walikwenda Julai. Mutie alikuwa ametunza nyumba. Paa lilikuwa zima na moto ulikuwa umewashwa. Kiilu alitembea shambani tangu asubuhi, akishika vitu, miwa, ukuta wa mawe, ubavu wa ng'ombe, na nguo zake zikalowa ukungu mpaka magotini asijali. Watu walimwita kutoka kwenye njia. Ndeti, sasa mzee wa mkongojo, alimcheka kwa kuzeeka. Kiilu alikula nduma za moto kwa chai na kuona kwamba mwili wake haukuwa umesahau chochote.

Kalunde hakulalamika. Alivaa sweta mbili, akapika, akaenda kanisani, akasalimia watu ambao wengi wao hakuwajua tena, kwa maana waliokuwa wake walikuwa Tulia: wanafunzi wake waliokuwa wazazi sasa, kina mama wa kwaya, Abdiya wa dukani, mbaazi zake. Usiku alikohoa. Asubuhi moja Kiilu alirudi kutoka kukamua, maziwa mkononi, akamkuta amesimama uani amejifunga shuka. Ukungu ulikuwa umefunga bonde lote. Hapakuwa na cha kuonekana. Hata hivyo Kalunde alikuwa amegeuka upande wa mashariki, mahali Kitui ilipo, akitazama kwa utulivu, kidevu kimeinuka kidogo. Kiilu alisimama nyuma yake. Alikujua kutazama kule kama anavyoujua mkono wake. Alikuwa akitazama hivyo yeye mwenyewe miaka yote ile ya Tulia.

Aliweka maziwa chini akaenda kusimama kando yake.

"Mbaazi zitakuwa zimeiva," alisema.

"Zitakuwa zimeiva," Kalunde alisema. "Abdiya atazichuma."

"Tutazichuma wenyewe. Ijumaa tunateremka."

Kalunde alimgeukia. "Na wewe?"

"Mimi nimezoea," Kiilu alisema.

Alimpa kikombe cha maziwa ya moto, wakakaa hapo uani mpaka ukungu ulipoanza kupanda na njia ya mlimani ikaonekana, watu wakiipanda. Ijumaa wakachukua basi. Kiilu alikaa dirishani upande wa milima, na Kalunde, ambaye alikuwa na joto sasa, alilala begani pake mpaka walipovuka Athi.